Kuomba chuo cha udaktari Marekani: mwongozo kamili kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza

Kila Mei, vyuo vinapofunga, napokea ujumbe wa aina moja. Mwanafunzi amemaliza mwaka wa tatu, anasoma biolojia, wazazi wameshawatangazia jamaa wa Mombasa au Bukavu kwamba mtoto anasomea udaktari, naye anataka kutuma maombi mwezi ujao. Nikimuuliza mtihani wa kuingilia chuo cha udaktari, yaani MCAT, ataufanya lini, anasema Agosti. Barua za maprofesa za kumpendekeza? Hajaomba. Amewahi kukaa na wagonjwa? Kidogo, alipokuwa sekondari.

Anatuma hivyo hivyo. Mwaka unapita, maelfu ya dola yamekwenda, na vyuo vyote vimemkataa. Nimeona vijana wenye vichwa vizuri wakipitia hili na linaniuma sana, maana kila walichohitaji kukifanya walikuwa na uwezo nacho. Walikifanya nje ya wakati wake.

Kwa wazazi watakaosoma: nyumbani mtoto akimaliza sekondari na alama nzuri anaingia moja kwa moja kusomea udaktari, Tanzania miaka 5, Kenya 6. Marekani, kwa walio wengi, mtu husoma kwanza shahada ya fani yoyote, ndipo aombe chuo cha udaktari cha miaka 4. Hiyo "pre-med" mnayoisikia si shahada. Ni mambo ambayo mwanafunzi anayakusanya huku akisoma shahada yake.

## Andaa hivi kwanza

- Daftari moja, au jedwali kwenye kompyuta, la kuandika saa zako zote za kazi, kujitolea na utafiti. Hatua ya 4 inaonyesha namna ya kuliandika.
- Matokeo ya kila chuo ulichowahi kusoma Marekani, pamoja na kozi za chuo ulizochukua ukiwa sekondari.
- Barua pepe yako binafsi. Ile ya chuo inaweza kufungwa baada ya kuhitimu, na majibu ya maombi yanakuja muda mrefu baadaye.
- Jina la mshauri wa wanafunzi wa fani za afya chuoni kwako. Kama hayupo, tafuta profesa wa sayansi ambaye wanafunzi wake wameshaingia.
- Karatasi za ukaazi wako, na kumbukumbu za kodi za wazazi kwa ajili ya kuomba nafuu ya ada.
- Akiba ya fedha. Maombi ya vyuo 15 au 20, ukichanganya mtihani na ada za maswali ya ziada ya kila chuo, hufika dola elfu kadhaa kwa asiye na nafuu.

## Hatua ya 1: Jua mlango wako

Kuna shahada mbili zinazokufanya daktari kamili Marekani: MD, ile ya kawaida, na DO, ya udaktari wa osteopathia. Zote zinakufungulia njia ya leseni na zote zinaingia kwenye mafunzo ya ubingwa. Vyuo vya MD vinaombwa kupitia mfumo unaoitwa AMCAS, vya DO kupitia AACOMAS, na vyuo vya umma vya Texas vina mfumo wao, TMDSAS. Anayetaka kuwa msaidizi wa daktari, yaani PA, anatumia CASPA, na programu nyingi za PA zinadai saa 1,000 au zaidi za kuhudumia wagonjwa kwa mikono yako. Wafamasia na madaktari wa meno nao wana mifumo yao. Ushauri ulio hapa chini unawafaa wote hao, isipokuwa mitihani na tarehe.

Kisha angalia hadhi yako. Mwenye uraia au kadi ya kijani yuko sawa na waombaji wengine. Mwenye viza ya mwanafunzi ajue kwamba ni vyuo vichache tu vinavyopokea wanafunzi wa kimataifa, na vingine vinataka uonyeshe fedha za miaka yote minne mapema. Mkopo wa serikali hapati.

Onyo kwa aliyesoma nyumbani: masomo ya vyuo vya nje ya Marekani na Kanada kwa kawaida hayaingizwi kwenye GPA (wastani wa alama) ya AMCAS, na vyuo vingi havikubali kozi hizo kwa masharti ya kuingia. Hata kama una shahada kutoka Dar es Salaam au Nairobi, jiandae kusoma kozi za sayansi hapa. Usiamini neno la mtu kwenye kikundi cha WhatsApp. Andikia chuo husika, uliza, hifadhi jibu.

## Hatua ya 2: Linda alama tangu muhula wa kwanza

Nakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo wengi wanapoumia.

AMCAS inahesabu kila kozi uliyochukua katika kila chuo cha Marekani. Ukifeli kemia ukairudia ukapata A, chuo chako kinaweza kuifuta ile F, lakini AMCAS itahesabu zote mbili. AACOMAS nayo iliacha kufuta alama za zamani mwaka 2017. Pia wanatenga GPA ya biolojia, kemia, fizikia na hesabu peke yake, kwa hiyo A za muziki na Kifaransa hazifichi C tatu za kemia.

Tazama hesabu hii. Mwanafunzi amechukua krediti 30 mwaka wa kwanza akapata GPA ya 2.8, huku akifanya kazi za usiku kumsaidia mama na kodi ya nyumba. Kisha akatulia, akapata 3.8 kwa miaka miwili iliyofuata, krediti 60. Akiomba mwishoni mwa mwaka wa tatu, GPA yake ni 3.47. Akisubiri amalize mwaka wa nne kwa 3.8 hiyo hiyo, inakuwa 3.55, na wasomaji wa fomu wanaona miaka mitatu mizima ya kupanda. Kwa wanaoanza masomo ya MD, wastani wa GPA unakaribia 3.8 na MCAT ni kama 511 au 512. Ni wastani tu, wapo wanaoingia chini yake, lakini mwenye 3.47 anahitaji kila nukta anayoweza kuipata.

Kwa hiyo muhula wa kwanza chukua sayansi moja au mbili zenye maabara, zisizidi. Ukiona kozi inazama, nenda kwa profesa kabla ya tarehe ya mwisho ya kujiondoa. W moja, yaani alama ya kujiondoa, haiingii kwenye GPA. F inaingia, na haitoki. W zikiwa nyingi, hapo napo utaulizwa.

Na kazi za usiku? Najua kwetu mtoto mkubwa hubeba nyumba. Kaeni chini na wazazi mapema, muwaonyeshe hesabu hiyo hapo juu. Kupunguza zamu mbili kwa wiki mwaka wa kwanza ni nafuu kuliko kulipia mwaka mzima wa kozi za kurekebisha alama baada ya kuhitimu.

Uko kwenye njia nzuri kama kila mwisho wa muhula GPA yako ya sayansi imesimama pale pale au imepanda, na kuna profesa mmoja anayekujua kwa jina.

## Hatua ya 3: Panga kozi kwa kurudi nyuma

Vyuo vingi vinataka mwaka mmoja wa biolojia, mmoja wa kemia ya jumla, mmoja wa kemia ogania na mmoja wa fizikia, zote na maabara. Ongeza muhula wa biokemia, takwimu, Kiingereza, saikolojia na sosholojia. Hizi mbili za mwisho zinatokea kwenye MCAT.

Anzia tarehe ya mtihani urudi nyuma. Biokemia iwe imekwisha kabla ya MCAT. Kabla ya biokemia uwe umemaliza ogania, na kabla ya ogania, kemia ya jumla. Ndiyo maana aliyechelewa kuanza kemia hadi mwaka wa pili hawezi kuomba mwishoni mwa wa tatu bila kujikanyaga. Hakuna ubaya. Zaidi ya nusu ya wanaoingia vyuo vya udaktari siku hizi wamepumzika angalau mwaka mmoja baada ya shahada.

Chuo cha jamii (community college) ni nafuu na wengi wetu tunaanzia huko. Sawa kabisa, mradi ukihamia chuo cha miaka minne uchukue kozi za juu za sayansi na uzifanye vizuri.

Shahada yenyewe chagua unayoipenda. Aliyesoma historia akapata 3.8 na kozi zote za sayansi yuko mbele ya aliyejilazimisha biolojia akapata 3.2.

## Hatua ya 4: Kaa na wagonjwa, na uandike

Watu wetu tuna utajiri hapa na hatuujui. Wangapi kati yenu mna dada, mama au mjomba anayefanya kazi ya CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, kwenye nyumba ya wazee? Kazi ile ya kugeuza mgonjwa kitandani, kumlisha na kumwogesha ni uzoefu halisi wa kitabibu, na unalipwa. Vijana wengine hutafuta nafasi za kujitolea dawati la mapokezi hospitalini wakidhani CNA ni kazi ya chini isiyoandikwa kwenye fomu. Iandikeni. Iwekeni juu.

Njia ya pili ni ukalimani. Kliniki zinazohudumia wakimbizi kutoka Kongo na Burundi zinahitaji wakalimani wa Kiswahili, na mafunzo ya msingi ya ukalimani wa hospitali huchukua takriban saa 40. Yafanye. Kuzungumza Kiswahili nyumbani hakutoshi kumweleza mama mjamzito kwamba kondo la nyuma limeziba njia, wala kumtafsiria mzee fomu ya ridhaa ya upasuaji. Ukikosea neno, mtu anaweza kudhurika.

Pamoja na hayo, mfuate daktari kazini kwa saa 40 au 50, ukisimama pembeni na kutazama. Chagua zaidi ya mmoja, na angalau mmoja awe daktari wa familia. Ukiomba DO, tafuta daktari wa DO, kwani baadhi ya vyuo hivyo hutaka barua yake.

Sasa lile daftari. Baada ya kila zamu, kabla hujalala, andika mistari minne: tarehe na saa, mahali, aliyekusimamia, na jambo moja uliloliona. Mfano:

"Ijumaa, saa 4 usiku hadi 12 asubuhi, saa 8. Nyumba ya wazee. Msimamizi: muuguzi wa zamu. Bibi mmoja alikataa uji mara mbili. Nilikuwa nimesimama. Nilipovuta kiti nikakaa chini ya macho yake, alikula vijiko sita, akaniuliza kama mvua imeacha."

Miaka mitatu baadaye, utakapotakiwa kueleza kwa nini unataka udaktari, kile kiti ndicho kitakachokuandikia insha. Asiye na daftari huandika "napenda kusaidia watu", kama walivyoandika maelfu wengine.

Onyo: usiandike jina la mgonjwa, tarehe yake ya kuzaliwa wala chochote cha kumtambulisha. Usipige picha wodini hata kama ni ya viatu vyako. Sheria ya faragha ya wagonjwa, HIPAA, haina utani, na kosa moja linaweza kukufunga milango.

Utafiti ni mzuri, na kwa vyuo vikubwa vya utafiti ni karibu lazima. Lakini usiache wagonjwa kwa ajili ya maabara.

## Hatua ya 5: Barua zijengwe mapema

Vyuo vingi vinataka barua mbili za maprofesa wa sayansi waliokufundisha na moja ya nje ya sayansi. Baadhi ya vyuo vya shahada ya kwanza vina kamati inayoandika barua moja ya pamoja. Uliza mwaka wa pili, maana kamati hizo zina tarehe zao za ndani.

Sisi tumelelewa kumheshimu mwalimu kwa kukaa kimya na kutomsumbua. Hapa ukimya huo unasomwa kama kutojali. Nenda saa za ofisi na swali moja ulilolihangaikia, mwonyeshe karatasi yako, sikiliza, shukuru, ondoka. Rudi baada ya wiki mbili. Huko si kumsumbua, amewekewa saa hizo kwa ajili yako.

Ukifika wakati wa kuomba barua, usimuulize kama anaweza kukuandikia. Muulize kama anaweza kukuandikia barua yenye nguvu. Akisita, mshukuru utafute mwingine. Mpe wasifu wako, rasimu ya insha na tarehe ya mwisho, miezi miwili kabla.

## Hatua ya 6: MCAT, mara moja ukiwa tayari

Mtihani una sehemu nne: kemia na fizikia, usomaji na uchambuzi wa hoja, biolojia na biokemia, na saikolojia pamoja na sosholojia. Kila sehemu ina alama 118 hadi 132, jumla 472 hadi 528. Maswali ni 230, na siku nzima pamoja na mapumziko ni kama saa saba na nusu. Unaruhusiwa mara 3 kwa mwaka mmoja, 4 kwa miaka miwili mfululizo, na 7 maishani. Vyuo vitaziona alama zako zote.

Kabla hujalipa chochote, omba nafuu ya AAMC, chama cha vyuo vya udaktari, iitwayo Fee Assistance Program. Inapunguza ada ya MCAT, inakupa vifaa vya kujisomea na inaondoa ada za AMCAS kwa vyuo hadi 20. Raia, wenye kadi ya kijani, na waliopewa hadhi ya ukimbizi au hifadhi wanaweza kuiomba. Wengi mnaosoma hapa mnastahili. Lakini hairudishi fedha ulizokwisha kulipa, kwa hiyo ipate kwanza, ndipo ujiandikishe.

Tenga miezi mitatu hadi sita. Sehemu inayowaangusha wanaojua lugha mbili au tatu ni ile ya usomaji: maswali 53 kwa dakika 90, kutoka makala za falsafa, sanaa na jamii. Haina cha kukariri. Soma makala ngumu moja kila siku kwa miezi sita, kisha iseme hoja ya mwandishi kwa sentensi moja, kwa Kiswahili ukipenda. Ukishindwa kuisema, hukuielewa. Mbinu hii niliwapa vijana kadhaa na naiamini: kuihamisha hoja kwenda lugha nyingine kunakunyima nafasi ya kurudia maneno ya mwandishi bila kuyafahamu.

Utajua uko tayari mitihani miwili au mitatu ya mazoezi ya AAMC, iliyofanywa kwa muda kamili, ikitoa alama unayoitaka. Kama bado, sogeza tarehe. Usiende kubahatisha.

## Hatua ya 7: Tuma mapema

Ukitaka kuanza Agosti ya mwaka fulani, unatuma maombi Mei mwishoni au Juni mwanzoni ya mwaka uliotangulia. Vyuo vingi hugawa nafasi kadiri maombi yanavyoingia. Aliyetuma Juni na aliyetuma Oktoba wanaweza kuwa na fomu zinazofanana, lakini wa pili anagombea viti vilivyobaki. Na kila mwaka waombaji wa MD huwa zaidi ya 50,000 kwa nafasi karibu 23,000.

Ukishatuma, AMCAS inalinganisha kila kozi na matokeo yako, kazi inayoweza kuchukua wiki kadhaa msimu ukichangamka. Kwa hiyo agiza matokeo yatumwe fomu inapofunguliwa tu, mwanzoni mwa Mei. MCAT iwe imekwisha Aprili au Mei, kwa kuwa alama hutoka baada ya kama mwezi mmoja.

Insha binafsi ina herufi 5,300 pamoja na nafasi. Shughuli ni hadi 15, kila moja herufi 700, na tatu kati yake unapewa herufi 1,325 za ziada. Hapo fungua daftari. Maisha ya kambini Nyarugusu au Kakuma, kama uliyapitia, yaandike ukitaka wewe, si kwa sababu mtu amekwambia yanauza. Na ukiyaandika, mfikishe msomaji kwa mgonjwa uliyemhudumia mwaka jana. Wanampokea mtu atakayesimama wodini, na wanataka kumwona huyo.

Unapochagua vyuo, anza na vya umma vya jimbo lako, maana huwapendelea wakaazi. Kisha ongeza vya DO na vya binafsi ambavyo alama zako ziko ndani ya kiwango chao. Vyuo maarufu viwili vitatu vinatosha.

## Hatua ya 8: Majibu ya pili, usaili, na mkopo

Baada ya fomu ya kwanza, vyuo vingi vitakutumia maswali yao ya ziada. Yajibu ndani ya wiki mbili. Mengi hujirudia kila mwaka, hivyo anza kuyaandika Juni. Vyuo vingine hudai pia mtihani wa kupima maamuzi, kama Casper au PREview, nao uufanye mapema.

Usaili huanza karibu Agosti na kuendelea hadi majira ya kuchipua. Fanya mazoezi kwa sauti mbele ya mtu asiyekuonea haya. Tumezoea kujishusha tunapoulizwa mazuri yetu. Pale sema ulichokifanya kwa nafsi ya kwanza: nilipima, niliita, nilikosea, nilirekebisha.

Ukipokelewa na zaidi ya chuo kimoja, mpaka Aprili 30 uwe umebaki na kimoja. Kabla hujachagua, weka gharama mezani. Sheria iliyotiwa saini Julai 2025 inaondoa Grad PLUS, mkopo wa serikali kwa masomo ya baada ya shahada ya kwanza, kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 2026, na mkopo wa serikali kwa fani kama udaktari unawekewa ukomo wa dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Vyuo kadhaa vinazidi hapo. Uliza ofisi ya fedha pengo litazibwaje, kwa maandishi.

## Ukikosa mwaka wa kwanza

Usitume fomu ile ile Juni inayofuata. Andikia vyuo vilivyokukataa uombe maelezo, vingine hujibu. Tafuta kilichopungua: kama ni MCAT, fanya upya baada ya kubadilisha namna ya kusoma. Kama ni alama, chukua mwaka wa kozi za juu za sayansi. Kama ni wagonjwa, chukua kazi ya kutwa kliniki kwa mwaka mzima.

Wazazi watauliza. Waambieni ukweli: nimekosa mwaka huu, hiki ndicho nilichopungukiwa, na tarehe yangu ya kutuma tena ni hii. Ibandikeni ile tarehe kwenye mlango wa friji, ndugu zako wakikuita kwenye sherehe ya wikendi kabla yake, waisome wenyewe.